Usimwambie mtoto wangu atalala kwako kabla hujaniuliza

Wazazi wenzangu wa Nairobi, leo mnivumilie. Nimejaa hadi kooni.

Binti yangu ana miaka minane. Jumamosi alialikwa bathdei ya mwenzake wa darasani, tukakubaliana nimchukue saa kumi na mbili jioni. Nafika, nakuta watoto washavaa nguo za kulala, magodoro yametandikwa sebuleni. Mwenye nyumba ananichekea: "Mama, si uwaache tu walale, wameshazoeana." Nyuma yake watoto wanaruka wakishangilia. Hapo ndipo mimi niseme hapana, nionekane mchawi?

Nikauliza, nani analala humu leo? "Ni sisi tu." Na yule kijana kwenye kochi, anayebonyeza simu? "Ah, huyo ni binamu ya mzee, amekuja mjini kutafuta kazi. Atabaki nao, sisi tunatoka kidogo." Mnatoka kidogo! Yaani unanibembeleza nikuachie mtoto, na wewe mwenyewe hutakuwepo?

Nikamvalisha viatu tukaenda. Alilia hadi stejini. Kabla sijafika Donholm, grupu la WhatsApp limewaka: eti najiona, eti nimemwita kijana wa watu mbakaji. Sikumwita chochote, hata simjui, na shida yangu ni hiyo hiyo. Wanaoumiza watoto mara nyingi hawavizii vichochoroni. Ni jamaa, ni jirani, ni mtu anayeitwa anko.

Halafu kuna wale wa "sisi tulilala kwa watu na hatukufa". Mlilala kwa shangazi, ushago, nyanya akiwa chumba hicho hicho. Na walioumizwa hawaji kusimulia kwenye grupu la wazazi.

Mnabishana mtoto aanze kulala kwa watu akiwa na miaka saba au kumi. Sheria ya Watoto ya 2022 inamhesabu kuwa mtoto hadi afike 18, na kumlinda ni kazi yangu mzazi, bathdei au si bathdei. Mimi naangalia kama anajua namba yangu kichwani (wangu bado anachanganya tarakimu mbili za mwisho), kama anaoga na kuvaa bila kusaidiwa, na kama anaweza kumwambia mtu mzima "sitaki". Hilo la mwisho ndilo gumu, kwa sababu tunawachapa wakikataa kumsalimia mgeni kwa mkono, kisha tunategemea wajitetee usiku wa manane. Ile 116, simu ya bure ya kusaidia watoto, nimeibandika kwenye friji, lakini mtoto aliye kwa watu bila simu ataipigaje?

Ukitaka alale kwako, nipigie mimi, mapema, yeye akiwa hasikii. Niambie nani yumo ndani, nani analala chumba gani, na kama mtakuwepo. Ukinuna, basi hatalala kwako.

Na wewe admini uliyenitoa kwenye grupu: ule mchango wangu wa zawadi ya mwalimu uurudishe kwa M-Pesa leo.