Tupeane uzoefu: umeshakutana na kinyonga wa pembe tatu wa Usambara?

Mleta uzi: Wakuu, nimekulia Muheza, na kwetu kinyonga alikuwa nuksi. Ukimwona, mawe. Juzi nimepanda hadi msitu wa Amani, Usambara, saa mbili usiku mwongozaji akamulika kijiti: dume la pembe tatu, limelala, mkia umejiviringa. Nikaganda. Miaka yote nakimbia mdudu asiye na sumu hata chembe! (Najua si mdudu, ndivyo tulivyozoea kusema.) Nanyi je?

Kurunzi: Siri ni usiku. Mchana utapita chini yake mara kumi usimwone. Akilala hupauka, ukimulika anang'aa majanini. Hulala kwenye ncha za vijiti vyembamba; nyoka akipanda, kijiti kinatikisika, naye anajidondosha. Msimshike tu, jamani.

Mtoto wa Iliki: Babu alikuwa na iliki msituni, Usambara Mashariki. Siku moja nikakuta jike, hawa hawana pembe, anachimba udongo. Nikadhani amenasa. Kumbe anataga! Babu ananiita, mimi kimya. Alipomaliza akafukia, akasawazisha, akarudi mtini taratibu kama mtu aliyetoka kufunga duka. Sasa niseme ukweli: kabla ya siku ile nilishauza wanne. Walikuwa wanapita watu wananunua kinyonga hai, watoto tunapewa sarafu. Sikuuza tena. Serikali ilipokuja kuzuia kupeleka wanyamapori hai nje, 2016, nilikuwa mtu mzima, na bado nilijisikia kama nimekamatwa mimi.

Wa Meru: Huku Kenya tuko na wa Jackson, pia pembe tatu, lakini hatagi, anazaa. Niliona mmoja kwa uzio wa shamba akiangusha watoto mmoja mmoja, na kila mmoja anaanza kupanda papo hapo. Mama yangu alitoka mbio, hakurudi mpaka jioni.

Mleta uzi: Hahaa, msalimie mama! Mtoto wa Iliki, mkuu, umenichoma. Mimi sikuuza, lakini mawe yangu hayakuwa na bei nafuu kwao. Lile shamba bado lipo?

Mtoto wa Iliki: Lipo, ila miti ya kivuli ilikatwa, sasa ni mihogo. Mwaka jana nilikwenda na tochi. Nilizunguka karibu saa nzima. Nilipata mmoja, mdogo, kwenye kichaka kando ya njia. Nikazima tochi, nikaondoka.