Tupeane uzoefu: mliobaki na bibi baada ya wazazi kuondoka kwa UKIMWI, nani aliwaambia ukweli?

Mpwapwa Kwetu (mleta uzi)

Mbukwenyi wakuu. Wa Singida, Manyoni na Kondoa nanyi karibuni, hili si la Wagogo peke yao.

Mimi nimelelewa Mpwapwa na bibi mzaa baba. Baba alifariki 2001, mama 2003. Dawa za bure zikaanza kutolewa nchini 2004. Huo mwaka mmoja nimeupigia hesabu mpaka nikaamua kuuacha. Nyumbani kilichosemwa ni kifua, baadaye ikawa kurogwa. Kuna mzee jirani ukoo mzima uliacha kumsalimia kwa ajili hiyo, na alikufa hivyo hivyo.

Ukweli niliupata kidato cha pili, mwalimu wa Bayolojia akiandika dalili ubaoni: kukonda, kuharisha muda mrefu, utando mdomoni, mkanda wa jeshi. Hapo kwenye mkanda wa jeshi nikaweka kalamu chini. Mama alikuwa nao ubavuni kuzunguka mpaka mgongoni, na mimi ndiye niliyekuwa nampaka dawa kwa unyoya wa kuku maana mkono wa mtu ulimuunguza.

Kisa cha kuuliza: tunaishi na mtoto wa marehemu binamu yangu, ana miaka 9, anatumia dawa tangu mchanga. Juzi kamuuliza mke wangu, "Kwa nini mimi tu ndiye nakunywa dawa kila siku na wenzangu hawanywi?" Mke wangu akamwambia akamalize kula. Mliopitia, semeni.

Kijana wa Itigi

Huyo mtoto wako ni mimi, mkuu, ila sasa nina miaka 24. Niliambiwa dawa zangu ni za moyo. Matokeo yake nikawa sichezi mpira, nadhani nikikimbia nitadondoka nife. Darasa la sita, bibi kaenda kuongea na mtu dirisha la dawa kaniachia kadi mkononi, nikasoma mwenyewe. Hakuna aliyejua kwamba nimesoma.

Nikaacha dawa. Jioni naweka mdomoni, nazunguka zizi la mbuzi, natema. Bibi ananiona nimemeza, anashukuru Mungu. Sikutaka kufa wala nini, nilikuwa na hasira tu na sikuwa na wa kumpa. Walikuja kugundua kliniki, kipimo cha wingi wa virusi kilipopanda, wakamlaumu bibi hadharani kwamba hanipi dawa. Mwanamke wa watu alikuwa anaamka usiku kuangalia saa, hajui kusoma mishale ila anajua ikikaa vile ni saa ya dawa.

Bweni nako ni habari nyingine. Kopo la dawa linapiga kelele ukitembea nalo, kwa hiyo unajaza pamba ndani, au unahamishia kwenye nailoni na kuficha ndani ya soksi. Zile dawa za zamani za usiku, zenye efavirenzi, zilikuwa na ndoto mbaya sana. Nilikuwa napiga mayowe, bweni zima likaamini nina majini, nikaombewa mara kadhaa. Siku hizi natumia kidonge kimoja chenye dolutegraviri, nalala, virusi vimefubaa kabisa. Mwambie mtoto, mkuu. Mwambie wewe kabla kadi haijamwambia.

Mzee wa Alizeti

Mimi naenda tofauti na kijana. Mtoto wa miaka 9 hana siri. Mpwa wangu aliambiwa akiwa darasa la pili, kesho yake kamwambia rafiki yake kipenzi, na rafiki kamwambia mama yake. Ndani ya wiki watoto wakahama dawati, akabaki anakaa peke yake, na kikombe cha maji pale darasani hakuna anayekigusa baada yake. Tulimhamisha shule. Msiongee kirahisi.

Nesi Mstaafu

Mzee wa Alizeti, pole, na hilo la mpwa wako nimeliona kwa watoto wengi. Tatizo lilikuwa kumpa habari yote siku moja halafu basi. Haiambiwi hivyo.

Mtoto wa miaka 5 au 6 unamwambia mwilini ana askari, kuna mdudu anawasumbua, dawa inamlaza huyo mdudu ili askari wafanye kazi. Jina la ugonjwa bado. Unamwachia aulize, unajibu alichouliza tu. Akikaribia miaka 10 anajua karibu kila kitu, kimebaki jina, na hapo unamfundisha pia nani anaambiwa na nani haambiwi. Jina hilo anatajiwa na mlezi, mshauri akiwa pembeni, maana mshauri anarudi kwake na mtoto analala kwenu. Wa miaka 9 anayeuliza kwa nini ni mimi tu, huyo tayari anajua kuna kitu. Kumwambia akamalize kula ni kumwambia kwamba hicho kitu ni kibaya.

Nimefanya kazi tangu enzi hizo hatuna cha kumpa mtoto zaidi ya Septrini na pole. Mtoto aliyezaliwa na virusi asipopata dawa, nusu yao hawavuki miaka 2. Nimewaona wakitolewa wodini na kanga ya mama. Halafu zikaja dawa za maji, chungu mno, mtoto anatapika yote, mama analia, tunaanza upya. Sasa kuna kidonge unayeyusha kwenye maji, kina ladha ya stroberi, mtoto anaomba tena. Na tangu 2013 mjamzito akikutwa na maambukizi anaanza dawa siku zote za maisha yake, hangojei kinga ishuke kwanza. Bila tiba, uwezekano wa kumwambukiza mtoto ni asilimia 15 hadi 45. Kwa tiba inayofuatwa, unashuka chini ya 5. Kwa hiyo watoto wapya ni wachache mno kuliko zamani. Waliozaliwa kabla ndio hao akina Itigi, na wengi wako humu humu wanasoma kimya.

Wa Kwanza Kuzaliwa

Mimi niliponea, sina maambukizi. Ila naomba mtu asiseme tulioponea hatukuathirika.

Mama alikuwa anapika chakula Kibaigwa, pale malori ya mahindi yanapolala. Alipofariki nilikuwa na miaka 14, nyuma yangu wadogo watatu. Baba alishatangulia. Baada ya arobaini akaja baba mdogo na vijana wawili na ngazi. Akaezua mabati. Sisi tunakula mlenda ndani, jua likaanza kuingia bati kwa bati, na mdogo wangu wa mwisho anacheka anadhani ni mchezo. Ng'ombe walishaenda siku ya msiba. Hoja yake: "Nyie ni watoto, mali ya kaka yangu naitunza." Hadi leo anaitunza.

Shule niliacha. Ada ya kutwa wakati huo ilikuwa 20,000 tu kwa mwaka, ila kuna mlinzi, kuna dawati, kuna mtihani, kuna chakula, ukijumlisha ni mbuzi kadhaa na mbuzi hatuna. Niliuza ubuyu na karanga stendi. Wadogo wamesoma, wa mwisho kaikuta elimu bila ada ya 2016, kamaliza kidato cha nne. Huwa nafurahi kweli, halafu usiku nakuwa na wivu.

Bush Lawyer wa Bahi

@Wa Kwanza Kuzaliwa pole sana dada. Kwa faida ya wengine wenye watoto mikononi: ukoo ukikaa kikao, andikeni muhtasari, mteueni msimamizi, mfungue mirathi mahakama ya mwanzo. Msimamizi anatakiwa ndani ya miezi minne alete fomu namba V na VI zinazoonyesha mali ni zipi na amegawa vipi. Asipoleta, mtoto au mlezi anaweza kwenda kulalamika na hakimu akamwondoa. Baba mdogo mwenye ngazi haogopi machozi, anaogopa samansi.

Mama Karanga

Nasoma nalia. Bibi yangu alizika watoto wanne, akalea wajukuu saba. Alipoingia TASAF, ule mpango wa serikali wa kuzipa hela kaya maskini, alikuwa haoni tena vizuri, hela akipokea ananipa mimi nihesabu.

Mhudumu wa Jamii

Niongeze la sasa. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada, tuliokuwa tunawafuata watoto waliokosa kliniki katika eneo letu tulirudishwa nyumbani. Dawa kituoni zipo. Mtoto wa bibi anayetembea kutoka bondeni akikosa tarehe, hakuna anayegonga mlango kuuliza. Mimi bado nawapitia wawili watatu walio njia ya shambani kwangu, kwa miguu yangu.

Mpwapwa Kwetu (mleta uzi)

Nimesoma yote, Mungu awabariki. Itigi, nimempa mke wangu simu asome ulichoandika, hajasema kitu ila leo kampa mtoto dawa mwenyewe na amekaa naye mpaka amalize. Kliniki yake ni Jumamosi, tutaenda wote wawili na tutaomba mshauri.

Swali la mwisho: mwalimu wa darasa aambiwe?

Mwalimu wa Zamu

Ikiwa anasoma kutwa na dawa anakunywa nyumbani, si lazima. Sheria ya UKIMWI ya 2008 hairuhusu mtu kutangaza majibu ya mwenzake, lakini ofisi ya walimu ni ofisi ya walimu, chai ikiletwa kila kitu kinaongelewa. Akienda bweni, chagueni mtu mmoja, matroni au mwalimu wa malezi, na mtoto ndiye amchague. Kuhusu ruhusa za kliniki, mwandikie tu "anahudhuria hospitali". Hakuna atakayekuuliza zaidi, na akiuliza mjibu kwa kifupi.