Mama kaondolewa titi la kushoto: kobalti mara 25 au linaki mara 15?

Binti wa Fundi, Korogwe

Habari za jioni wapendwa. Naomba msaada wa mawazo, hasa kwa waliopita njia hii.

Mama yangu ana miaka 58, ni fundi cherehani. Mwezi wa tatu alifanyiwa upasuaji, titi la kushoto likaondolewa lote pamoja na tezi za kwapani. Tezi zilizotolewa ni 14, na 5 zilikutwa na saratani. Baadaye akapewa dripu za dawa za saratani mara nane, nne za mwanzo zikiwa zile nyekundu. Ya mwisho kaimaliza wiki tatu zilizopita. Sasa imebaki mionzi.

Hospitali ya kwanza ina mashine ya kobalti, ile inayotoa mionzi kutoka kwenye chanzo cha madini, na wako tayari kumwanza wiki ijayo: mara 25, Jumatatu hadi Ijumaa, wiki tano. Ya pili iko Dar, ina linaki, mashine inayotengeneza mionzi kwa umeme. Huko ni mara 15 kwa wiki tatu, ila nafasi ipo baada ya wiki nne. Daktari wa Dar akasema pia watamfundisha kushika pumzi ili moyo ukae mbali na mionzi. Mama aliposikia neno moyo hakusema tena kitu, tukasafiri kimya mpaka Segera. Kumbuka ile dripu nyekundu nayo tuliambiwa inaweza kuuchosha moyo, ndiyo maana alipimwa eko, kipimo cha moyo, kabla ya kuanza.

Jirani yetu anasema mara 15 ni dozi ya kupunguza foleni. Mjomba naye anataka tuuze kiwanja tumpeleke India akapate mionzi ya kisasa inayozunguka mwili. Mimi ndiye mkubwa, uamuzi unaniangukia. Usiku silali.

Mtaalamu wa Mionzi, Dar

Pole sana dada, na mama mfikishie pole zangu. Mimi ndiye yule anayewalaza wagonjwa kwenye kitanda cha mashine, kazi ninayoifanya mwaka wa kumi na moja sasa. Faili la mama silioni, kwa hiyo neno la mwisho ni la daktari wake, lakini hofu tatu ulizozitaja nazisikia kila wiki.

La jirani kwanza. Dozi ya mionzi tunaipima kwa grei. Mara 25 kwa kawaida ni grei 50, yaani grei 2 kila siku. Mara 15 mara nyingi ni grei 40 au zaidi kidogo, maana kila siku anapewa kubwa zaidi, kama grei 2.67. Hajapunjwa. Uingereza walilipima hilo kwa maelfu ya wanawake kuanzia mwaka 1999, na baada ya miaka kumi saratani haikurudi zaidi kwa waliopata mara 15, na madhara ya baadaye kwenye titi yalikuwa machache zaidi. Ukiniambia wale wengi wao walibakiwa na titi, nitakupa utafiti wa Beijing uliochapishwa mwaka 2019. Wanawake 820, wote wameondolewa titi, wote wa hali ya hatari kama mama: uvimbe mkubwa, au tezi nne na zaidi zenye saratani. Nusu walipata mara 15, nusu mara 25. Kwa miaka mitano saratani ilirudi kifuani au kwenye tezi za jirani kwa asilimia 8.3 ya waliopata mara 15 na 8.1 ya waliopata mara 25. Ni sawasawa. Mara 15 si tiba ya maskini.

Kobalti sasa. Inaua saratani, msiidharau. Wanawake wengi wako hai leo kwa sababu yake. Ila mionzi yake hufikia ukali wake karibu sana na ngozi, kama nusu sentimita tu ndani, kwa hiyo ngozi huungua zaidi. Halafu chanzo chake hupungua nguvu kwa nusu kila baada ya miaka mitano na ushei. Kikizeeka, mgonjwa hupata dozi ileile lakini analala pale muda mrefu zaidi. Mtu wa namna hiyo huwezi kumwambia ashike pumzi.

Na hapo ndipo penye jambo la mama. Titi la kushoto lina moyo nyuma yake. Mwaka 2013 ulitoka utafiti wa wanawake wa Sweden na Denmark: kila grei moja ya wastani inayoufikia moyo iliongeza hatari ya ugonjwa mkubwa wa mishipa ya moyo kwa asilimia 7.4. Akivuta pumzi ndefu, mapafu yanajaa na moyo unashuka, unaachana na ukuta wa kifua. Nimeliona kwenye picha za CT mara nyingi, na kwa wengine pengo linalojitokeza ni la upana wa kidole. Kwa mtu aliyekwisha kunywesha moyo wake ile dripu nyekundu, mimi ningelitafuta pengo hilo.

India msiende kwanza. Mionzi inayozunguka inafaa sana pale tezi za nyuma ya mfupa wa kifua zinapotakiwa kutibiwa, au umbo la kifua likikataa njia ya kawaida. Lakini ikizunguka inamwaga dozi ndogondogo kwenye titi zima la kulia na kwenye mapafu yote mawili. Kwa wengi, miale miwili inayopita ubavuni ikikwangua ukuta wa kifua, na mmoja wa juu ya mtulinga, inatosha.

Kuhusu kusubiri: dripu imeisha wiki tatu, ukiongeza nne ni saba. Madaktari wengi hawapendi ipite miezi miwili, kwa hiyo hakikisha hiyo tarehe imeandikwa na haitasogezwa. Na mwulize daktari swali moja: kwenye mpango wa mama, wastani wa moyo ni grei ngapi? Lazima awe na jibu, kompyuta inalitoa.

Mama Zuhura

Mwanangu, mimi nilipigwa kobalti mara 25 mwaka 2013, kushoto vilevile. Nipo, namshukuru Mungu. Wiki ya nne ngozi ilibadilika ikawa kama ganda la embe lililoiva kupita kiasi, na chini ya kwapa ikachubuka. Nilikuwa navaa kanga tu begani, sidiria niliiacha kabisa. Wasikudanganye upake mafuta ya mgando kabla ya kuingia, uliza wenyewe wanataka nini.

Na huo mkono anaunyanyua? Pale utalala umeuweka juu ya kichwa, hutikisiki. Mimi siku ya kwanza nililia, bega lilikuwa limekaza tangu upasuaji. Mwambie atambaze vidole ukutani asubuhi na jioni, kila siku apite alama ya jana.

Binti wa Fundi, Korogwe

Shikamoo mama, na wewe kaka asante, nimesoma majibu yenu mara tatu. Leo asubuhi nimempigia daktari wa Dar. Tarehe imeandikwa, ya kupiga CT na ya kuanza. Swali la moyo amesema atanijibu CT ikishapigwa, atanionyesha kwenye kompyuta yeye mwenyewe.

Mama nimemsomea yote. Ametoa chaki yake ya kukatia nguo, akachora mstari ukutani karibu na cherehani, pale vidole vilipoishia. Baadaye akaniambia nihesabu huku ameshika pumzi. Mara ya kwanza kumi na moja. Mara ya nne kafika kumi na tisa. Kaka, wao wanataka ngapi?

Mtaalamu wa Mionzi, Dar

Ishirini zinatutosha. Anapumzika, tunarudia.