Siku 3 milimani na watoto wa miaka 2 na 5: baridi na mwendo

Wakuu, tutalala kwenye hema usiku 2. Watoto tuwafunike vipi, na mchana watembee kiasi gani?

— Baridi kali hutoka ardhini. Tandika godoro la sponji kwanza. Blanketi tatu juu bila kitu chini ni kazi bure. Mfuko wa kulalia wa mtu mzima humzidi mtoto: kunja sehemu ya miguuni uifunge kwa kamba, la sivyo mwili wake utahangaika kupasha moto nafasi tupu. Uso usifunikwe. Pima joto kisogoni, si viganjani. Pakiwa na jasho, punguza nguo moja.

— Nyongeza, mkuu. Anayebebwa mgongoni hatembei, kwa hiyo anapoa huku wewe unatokwa jasho. Mzidishie nguo moja, mteremshe kila nusu saa ajinyooshe. Mikanda ya kibebeo hubana mapaja.

— Msilale juu ya mita 2,500 kutoka usawa wa bahari, mtoto asije akapata ugonjwa wa mwinuko (hewa nyepesi ya milimani). Wa miaka 2 hawezi kusema kichwa kinamuuma. Atagoma kula na kulialia tu. Hapo shukeni, msingoje asubuhi.

— Shukrani. Na wa miaka 5?

— Muda unaotumia wewe kutembea njia hiyo, zidisha mara mbili. Filimbi yake ya kupuliza akipotea ibanwe kwenye koti, isining'inie shingoni. Kamba hunasa matawini.