Taa za ukumbi wa muziki zinalia kama nyuki, nifanyeje?

FundiMbagala:
Wakuu habari za mida. Nimepata kazi ya taa kwenye ukumbi wa kwaya na okestra, viti kama 600, sio wa harusi huu, ni wa kukaa kimya na kusikiliza. Bosi kanionyesha kwenye simu picha ya Elbphilharmonie, ule ukumbi wa muziki wa Hamburg, Ujerumani, anataka mipira ya glasi kama ile. Nikatafuta fundi wa glasi, nikafunga 24 za majaribio, LED na dima zile za ukutani za kupunguza mwanga. Zikiwaka zote zinapendeza balaa. Juzi kwaya wakaja kufanya mazoezi, wakafika pale wanaposhusha sauti mpaka inakaribia kupotea, na mimi nikashusha taa nikidhani nawanogeshea, aisee ukumbi mzima zzzzz. Mwalimu wa kwaya akasimamisha wimbo akaangalia juu. Halafu zikifika chini hazififii, zinakata tu ghafla giza. Shida dima, taa au umeme wetu?

MzeeWaJukwaa:
Pole kijana, hao nyuki nawajua. Dima ya ukutani inakata wimbi la umeme mara 100 kwa sekunde, kila ikikata koili na draiva (kile kifaa kinacholisha LED umeme) ndani ya taa vinatikisika, sasa moja huwezi kuisikia ila 24 zikilia kwa pamoja ndani ya ukumbi uliojengwa ili hata mnong'ono ufike nyuma, utasikia tu. Hata enzi za balbu za waya ilikuwa hivyohivyo, waya wenyewe ndio ulikuwa unaimba. Achana na hizo. Chukua draiva za DALI au DMX, hiyo ni mifumo ya kuamuru taa, umeme unaingia mzima na amri inapita kwenye waya wake. Na usizitundike juu ya vichwa vya watu, zipeleke chumba cha nyuma zilie huko, ila piga hesabu ya unene wa waya maana umbali unakula volti.

Kuhusu kukata ghafla, hiyo draiva yako naona inaishia 5% au hata 10. Jicho linadanganya, taa ukiipima ni 10% lakini mtu anaiona kama 30 na kitu. Tafuta inayoshuka mpaka 0.1%.

Binti_wa_Altona:
Mimi naishi Hamburg, nimeingia ule ukumbi mara mbili. Mipira ni mizuri kweli, glasi imepulizwa kwa mdomo, ila mwambie bosi wako picha haionyeshi kazi yenyewe. Viti ni 2,100 na watu wanalizunguka jukwaa, hakuna nyuma wala mbele. Mara ya pili nilikaa nyuma ya ngoma namtazama kondakta usoni. Sasa fikiria, taa ya jukwaani ikilala kidogo tu inamchoma macho mtu wa upande wa pili. Na kuta zake zina paneli kama 10,000 za jasi, kila moja imechongwa kivyake ili sauti itawanyike. Pale sikio lilianza, jicho likafuata.

FundiMbagala:
Nimewaelewa. Bosi anataka pia zile taa zinazogeuza vichwa, nne.

sauti_kavu:
Zina feni hizo mkuu! Kwa bendi yenye spika sawa, kwa kwaya isiyotumia maiki sahau, au nunua za kupoa bila feni na ujipange mfukoni. Hiyo hela weka kwanza kwenye mwanga wa kusomea nota, laksi (kipimo cha mwanga) 500 mpaka 1,000 hivi kwenye stendi, utoke juu kwa mwinuko, mpiga fidla asijitie kivuli mwenyewe kwenye karatasi. Na kabla hujanunua draiva yoyote shusha taa, irekodi na simu, ukiona mistari inatembea kwenye video rudisha dukani, kwaya hawakosi kurekodi.

FundiMbagala:
Mrejesho wakuu. Nimebadilisha sita, draiva ziko stoo. Jana saa tano usiku nimekaa peke yangu katikati ya ukumbi nikashusha taratibu mpaka giza. Kimya. Yaani kimya mpaka nikaanza kusikia friji ya kantini.

MzeeWaJukwaa:
Hahaha sasa hamia kwenye friji.