Kaiji: jamaa hajui kuchora, au sisi ndo hatujui kuangalia?

Mleta mada: Wakuu, juzi nimebishana na mshkaji mpaka chai ikapoa. Ishu ni Kaiji, manga (katuni za Kijapani za kusoma) ya Nobuyuki Fukumoto iliyoanza 1996 huko Japani. Kafungua kurasa tatu kaitupa, eti pua zimechongoka kama mkuki, kidevu kama jembe, mikono haieleweki. Nikamwambia we soma tu, wapi. Sasa naileta kwenu, manga ikichorwa vibaya ni haki kuiacha hata kama stori kali?

Mi nasema kwa Kaiji ule uchoraji ndo unaobeba stori. Kaiji hana mbele wala nyuma, anashinda kunywa bia na kung'oa nembo za magari ya wenye nazo, siku anagongewa mlango anaambiwa yule uliyefanya naye kazi ukamdhamini mkopo wa yen 300,000 katoroka, na riba deni limefika 3,850,000, lipa wewe. Nani humu hana ndugu aliyesaini udhamini wa kausha damu ya mtu mwingine? Sura ya mtu wa hivyo ukiichora ya kupendeza unatudanganya. Fukumoto anakupigia mistari minene, machozi mazito kama uji, ile "zawa zawa", maneno ya sauti ya wasiwasi, imetapakaa ukurasa mzima, tumbo linakaza wenyewe.

Halafu kuna pale Kaiji na wadaiwa wenzake wanavuka kwenye chuma juu ghorofani ili wapate hela, kina umeme, ukishika kwa mkono unapigwa shoti. Mzee Ishida, mmoja wao, anampa Kaiji tiketi yake ya kuchukulia hela ili imfikie mkewe, kisha anadondoka kimyaaa, hapigi hata ukelele, maana angepiga Kaiji angeshtuka akamfuata. Kaiji anageuka, nyuma hakuna mtu. Pale nilifunga nikalala.

Mchangiaji: Hapo ni utunzi mkuu, sio mchoro. Mpe mchoraji fundi tukio hilohilo uone kama hutalia.

Mleta mada: Nitalia ila nitakuwa naangalia mwanga na mawingu ya mjini. Hapa hakuna cha kuangalia, ni uso na woga basi.

Mchangiaji: Mi nimesoma, siongei hewani. Jasho lilelile, mshangao uleule, sehemu ya tatu vitabu 13 karibu vyote mchezo mmoja wa mahjong, ule wa vigae wa kucheza kamari! Ingekuwa inavutia macho ningevumilia.

Mleta mada: Hiyo nakubali, hata mie nilirukaruka kurasa. Ila hilo ni kosa la kurefusha, pua hazihusiki.

Mchangiaji: Mbona manga ya Attack on Titan ilianza 2009 michoro imepindapinda, mchoraji wake Isayama akakaza mpaka akanyooka? Kwa hiyo huyu wenu ni uvivu tu.

Mchangiaji: Uvivu gani na wachapishaji Kodansha walimpa tuzo 1998.

Mchangiaji: Tuzo haichori pua mkuu 😂

Mleta mada: Isayama alikuwa na majitu na vita vya kuchora, ilibidi anyooke. Ukimnyoosha Fukumoto unabaki na nini, kijana mzuri wa sura anadaiwa? Wa hivyo wapo kibao na huwa hawanitishi.

Mchangiaji: Anayeshindwa na kurasa aanze na anime (katuni ya video) ya 2007, vipande 26. Pua wameziacha vilevile lakini, asije akasema hakuambiwa.

Mleta mada: Nimemtumia mshkaji. Kaniuliza kama ina dabingi.