Mistari miwili ya patografu: kuchelewa kufunguka njia ni lazima upasuaji?

Wifi, Makorora (Tanga): Assalaam alaykum. Wifi yangu ana mimba ya kwanza na atajifungulia kituo cha afya nje ya mji. Kliniki ameoneshwa patografu, karatasi ya kufuatilia uchungu yenye mistari miwili ya mshazari, akaambiwa kwamba njia ya uzazi isipofunguka sentimita moja kila saa huenda akapelekwa hospitali ya Bombo. Tangu siku hiyo hapati usingizi. Je, kila anayechelewa hupasuliwa?

Mkunga, Pangani: Wa alaykumu ssalaam, mwanangu. Hapana. Mistari hiyo iliwekwa na madaktari Philpott na Castle mwaka 1972, huko Rhodesia, Zimbabwe ya leo, ili mkunga aliye mbali na hospitali kubwa ajue mapema nani wa kupewa rufaa. Wa kwanza ni wa tahadhari. Wa pili, ulio saa 4 mbele, ni wa kuchukua hatua. Mzazi akivuka ule wa kwanza, yaani njia ikichelewa kufunguka, anapimwa upya: uchungu una nguvu kiasi gani, kibofu kimejaa, kichwa kinashuka? Aliye mbali na chumba cha upasuaji hutafutiwa gari wakati huo huo, kwa sababu saa hizo 4 ndizo za safari.

Tabibu, Tanga mjini: Naunga mkono, na naongeza kwamba mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa sentimita moja kwa saa ni kasi ambayo wanawake wengi hawaifikii ingawa huzaa salama, na kwamba uchungu kamili uhesabiwe kuanzia sentimita 5. Mwongozo wake wa 2020 umeiacha mistari hiyo, ingawa patografu ya zamani bado inatumika mahali pengi.

Mimi hutazama zaidi mapigo ya moyo wa mtoto, ambayo husikilizwa angalau kila nusu saa, na tena kila dakika 5 mama anaposukuma; kawaida ni kati ya 110 na 160 kwa dakika. Maji ya chupa ya uzazi yakitoka ya kijani, uangalizi unaongezwa. Karatasi inayojazwa baada ya mtoto kuzaliwa haimsaidii mtu, na jambo hilo linaniuma sana.

Wifi, Makorora: Ahsanteni. Tukiwa naye leba tuulize nini?

Mkunga, Pangani: Baada ya kila kipimo ulizeni kwa adabu: mapigo ya mtoto ni mangapi, na njia imefunguka kiasi gani? Mkunga anayempima atawajibu. Naye asilazwe chali muda wote. Atembee, anywe maji, na aende haja ndogo mara kwa mara.